Siku moja ya fundi friji, wiki ya mwisho ya Shaaban

Saa 10:50 alfajiri

Simu imelia kabla ya muadhini. Fundi friji wa Unguja wiki hii halali akashiba. Ramadhani iko mlangoni, joto la kaskazi limekaa shingoni, na kila nyumba imekumbuka siku moja kwamba friza yao ina kasoro tangu mfungo mosi.

Ni ujumbe wa sauti wa bi mkubwa mmoja wa Chukwani. Hatujaonana, namba yangu kapewa na shoga yake wa Mbweni. "Asalaam alaykum fundi. Mwanangu, friji yangu hii ya milango miwili haitoi barafu, mwezi wa nane huu. Kaja fundi wa kwanza, kasema gesi imeisha. Kaja wa pili, kabadilisha kile kidude chote cha barafu, kachukua laki mbili na nusu zangu. Barafu hakuna. Wewe ndiye wa mwisho. Ukishindwa, naitoa uani iwe kabati ya nguo za wajukuu."

Baada ya sala nikamwandikia maswali matatu. Nyama kwenye friza inakaza? Barafu ilikatika siku moja, au ilikuwa inapungua kidogo kidogo? Na ukikinga glasi pale mlangoni, maji yanatoka vipi?

Jibu likaja upesi: "Inakaza kama jiwe. Ilipungua, kwanza zikawa nyembamba, kisha zikaisha. Maji ndiyo usiseme, glasi moja namaliza Yasini haijajaa."

Nikacheka peke yangu na kikombe mkononi. Sijaiona friji yake, lakini nimeshajua sitaanzia kwenye gesi.

Saa 2:15 asubuhi, karakana

Kijana wangu keshafagua na kuchemsha chai. Ananiita ami, ingawa udugu wetu ni wa mtaa tu. Mteja wa kwanza kamtangulia: jirani yetu wa hapa Kwahani, muuza barafu za mifuko na malai, friza yake ya kulala inafanya ukoga wa barafu ndani mpaka kifuniko hakishuki.

Hii kazi ya robo saa. Nikamwomba noti, nikaibana kwenye mlango, nikaivuta. Ikatoka bila kung'ang'ania. Maana yake raba haikamati, hewa ya joto inaingia na unyevu wake, na unyevu ndio unaoganda ukutani. Tumeiosha raba kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, tukaimwagia maji moto pole pole pale ilipojikunja mpaka ikarudi umbo lake. Noti ikabanwa tena, safari hii haikuvutika. Ilikuwa elfu kumi. Jirani kaichukua, kaitazama, kanipa elfu tano.

Saa 3:40, Chukwani

Vespa yangu inabeba watu wawili, sanduku la spana, mita, draya ya nywele na chupa ya siki. Kijana huwa anaona haya kuikumbatia ile chupa mbele za watu, hasa tukipita Mazizini.

Tukapiga hodi, tukakaribishwa. Chai ikaja ya watu wawili tu, kwa sababu binti wa nyumba anamalizia kadha zake, yaani funga anazodaiwa, kabla mwezi haujaandama, na mama kafunga naye "asije akafunga peke yake." Friji yenyewe ni pande la friji, rangi ya fedha, kitambaa cha kudarizi juu na maua ya plastiki. Mwanawe kamletea kutoka Maskati.

Jambo la kwanza sishiki bisibisi. Naweka kipimajoto katikati ya mifuko ya nyama, nafunga mlango, nakunywa chai. Dakika kumi baadaye kinasoma nyuzi 17 chini ya sifuri. Friza inatakiwa iwe kama 18. Kwa hiyo gesi ipo.

Na niliseme hili, maana kila wiki nalisikia. Gesi ya friji haiishi kama gesi ya kupikia. Imefungiwa ndani ya mabomba, inazunguka, inarudi ilikotoka, miaka nenda rudi. Ikipungua, kuna tundu. Fundi akikwambia imeisha, mwambie akuoneshe inapovujia, kisha umtazame usoni. Na kama kibandiko cha nyuma kimeandikwa R600a, muulize pia kama anajua hiyo gesi inashika moto, kabla hajawasha kitu cha kuunganishia mabomba ndani ya jiko lako.

Nikatoa ndoo ya barafu. Mlikuwa na vipande sita vimekunjana kama kunazi zilizokauka, vinanuka nguru. Barafu ikikaa muda mrefu huliwa na hewa kavu ya friza na hubeba harufu ya jirani yake. Hivyo vilikuwa masalio ya mwaka jana.

Kijana akauliza mashine inafanyaje kazi, na bi mkubwa akavuta kiti, basi nikawaeleza wote wawili. Hii ya kwake ni ile yenye kalibu ya chuma. Nyuma ya friji kuna valvu ya umeme. Ikipata amri inafunguka sekunde chache tu, maji yanapanda kwenye mpira mwembamba na kumiminika ndani ya kalibu, kiasi cha kama vikombe viwili vya kahawa, si zaidi. Yanaganda. Kalibu ikifika kama nyuzi 9 chini ya sifuri, heta iliyo chini yake inawaka kidogo kuiachisha barafu, mota inazungusha vidole, vipande vinadondoka ndooni. Pembeni kuna mkono wa waya. Ndoo ikijaa, mkono unabaki juu na mashine inapumzika. Nimeshawahi kwenda hadi Bububu kwa kazi ya kuushusha mkono huo tu, mtoto kauinua akitafuta malai.

"Sasa bi mkubwa, ulisema zilianza kuwa nyembamba. Mashine ikiharibika mota au heta, huwa haitengenezi nyembamba. Haitengenezi kabisa. Nyembamba ni njaa ya maji."

Nikamulika tochi pale mpira unapoingilia friza. Tundu limezibwa na barafu nyeupe kama pamba, imekaza, urefu wa kidole. Draya ya nywele, moto mdogo, dakika nane, nikiisogeza sogeza nisiyeyushe plastiki. Ikatoka nzima kama mshumaa.

"Ami, si tumeshaipata?" Kijana keshaanza kukusanya spana.

Hapo ndipo mtu anapokwenda zake, akapokea pesa, na baada ya siku nne akapigiwa simu. Barafu kwenye mpira ni dalili. Maji ya valvu hutakiwa yapite kwa kasi na mpira ubaki mtupu. Yakikaa mle mpaka yakaganda, basi yanadondoka tone tone. Kwa nini yanadondoka?

Tukaivuta friji mbele, tukachomoa umeme, tukafunga maji. Nikapima koili ya valvu, ule msokoto wa waya unaoifungua kwa umeme, kwa mita, nzima. Nikafungua nati ya mpira unaoingia. Ndani ya mdomo wa valvu kuna kichujio cha nyavu, upana wake hauzidi ukucha wa kidole gumba. Nikakichomoa kwa ncha ya plaisi, nikakiweka kwenye kiganja cha bi mkubwa. Nusu yake haikuonekana, ilifunikwa na ganda jeupe lenye chembe kama semolina. Kakisugua kwa kidole, ikabaki alama.

"Chokaa hii?"

"Chokaa. Kisiwa chetu hiki mwamba wake ni matumbawe. Maji yanapita humo kabla ya kufika kwako." Birika lake la chai lina ganda hilohilo, na hajawahi kulitilia shaka. Kichujio kikaingia kwenye kikombe cha siki, kikaanza kutoa mapovu. Filta ya ndani ya friji, ile ya kubadilisha kila miezi sita, ilikuwa haijaguswa tangu Maskati. Rangi yake sitaielezea, watu wanakula.

Bado sikuridhika. Nikachukua ule mpira unaotoka ukutani, kabla ya friji, nikauelekeza kwenye jagi la lita moja na kumwambia kijana atazame saa. Nikafungua mpaka mwisho. Dakika nzima, jagi halikufika nusu. Na yalikuwa yanamwagika kivivu, nikiziba kwa dole gumba nayazuia bila kukaza mkono.

"Bi mkubwa, bomba hili linatoka wapi?"

"Juu, kwenye tangi."

"Tangu mwanzo?"

Akafikiri. Binti ndiye aliyejibu, akiwa jikoni: "Zamani lilikuwa likitoka kwenye ile pampu ya uani, mama. Fundi bomba ndiye aliyelihamisha, tulipoweka tangi jipya."

"Lini?"

Wakatazamana. Ilikuwa baada ya harusi ya mjukuu. Wakahesabu kwa vidole, ikatoka miezi tisa.

Hapa nitoe hesabu, kwa sababu nimeikuta katika nyumba nyingi mno, Fumba, Mbweni, mpaka Paje. Maji yaliyosimama juu ya mita 10 yanasukuma kwa nguvu ya bar moja, bar ndiyo kipimo cha presha. Tangi la bi mkubwa liko juu ya zege, kutoka hapo mpaka valvu iliyo karibu na sakafu hakuzidi mita nne na nusu. Hiyo haifiki hata nusu bar. Friji nyingi za aina hii hutaka angalau bar 1.4. Kuoga utaoga, na kuosha vyombo utaosha. Lakini valvu hizi hujifunga kwa msaada wa nguvu ya maji yenyewe, ndiyo yanayoukandamiza mpira wake wa ndani ukakaa sawa. Maji yakiwa dhaifu, ikifunguka hupitisha kidogo, na ikifungwa haifungi vizuri. Inabaki inalia machozi. Machozi yanaganda njiani, na kila siku nafasi inazidi kuwa ndogo. Ukitaka tangi pekee liifurahishe friji hii ulinyanyue mita 14, na hapo utakuwa umejenga mnara.

Bi mkubwa kanyamaza kidogo. "Sasa laki mbili na nusu zangu zilikwenda kwenye kidude kizima?"

"Kile cha zamani kiko wapi?"

Kakihifadhi. Kilikuwa stoo, ndani ya boksi la tende. Nikakipima mezani: heta inasoma, mota inazunguka, mkono unapanda na kushuka. Sikusema kitu. Nikakifunga kwenye gazeti nikamrudishia. "Weka, itakuwa spea yako."

Aliyekibadilisha sidhani hata kama alikusudia kula pesa ya mtu. Alikiona hakitoi barafu, akabadilisha kinachotoa barafu. Mimi mwenyewe nimewahi kufanya hivyo, miaka ya mwanzo, na mwenye friji alikuwa mpole kuliko nilivyostahili.

Saa 7 mchana

Adhuhuri, halafu wali na mchuzi wa papa nyumbani. Usingizi wa dakika ishirini chini ya feni. Kumi na tano, simu imelia.

Saa 8:10, Mlandege

Natafuta pampu. Muuzaji ananipa ile ya nyumba, inayojiwasha ikihisi maji yanapita. Nzuri, lakini kwa kazi hii sivyo. Mashine inakunywa vikombe viwili vya kahawa kwa msukumo mwembamba, na pampu ya namna hiyo mara nyingi haitahisi kama kuna mtu kafungua. Nikataka ile ndogo ya mitambo ya kuchujia maji ya kunywa, volti 24 na adapta yake, yenye swichi inayosikiliza nguvu ya maji badala ya mwendo wake. Nguvu ikishuka inaamka, ikipanda inalala. Nikachukua na mpira wa robo inchi mita tatu, na filta.

Kwenye meza kulikuwa na valvu ya maji, nikaiokota kwa ajili ya akiba. Nikaigeuza. Kibandiko kimeandikwa volti 120.

"Hii ya Marekani, yakhe."

"Ileile tu, inaingia."

Kuingia itaingia, tundu ni lilelile. Kisha ukiipa 230 za kwetu, koili yake inapata moto na kunuka kabla hujamaliza kurudisha friji ukutani. Nikairudisha mezani, kibandiko kikiangalia juu. Nilipogeuka alikuwa keshaipindua.

Saa 9:30, Michenzani

Nimepandisha sanduku mpaka ghorofa ya nne, magoti yananikumbusha umri. Maalim mstaafu, kanifundisha hesabu skuli, mpaka leo namwamkia nikiwa nimesimama wima.

"Shikamoo maalim."

"Marahaba. Umechelewa."

Friji yake ni ya namna nyingine, trei ya plastiki inayojipinda kama kitambaa kinachokamuliwa, haina heta. Juzi umeme ulikatika usiku kucha. Barafu ya ndooni ikayeyuka, umeme uliporudi ikaganda tena, donge moja mpaka ikaunganika na trei. Mota ikawa inajaribu kupinda mlima. Maalim kaona aisaidie kwa kisu.

Trei imepasuka pembeni, mwanya wa nywele mbili. Hilo dogo. Nilichokiogopa ni ukuta. Friji ndogo za mlango mmoja zina mabomba ya gesi ndani ya ile bati laini ya friza, na kisu kikigusa pale unasikia *fssss*, na hiyo ndiyo maiti ya friji. Ya maalim bati lake liko nyuma ya ukuta wa plastiki, kaponea hapo. Nikamwambia kisu marufuku, ni maji ya uvuguvugu na subira. Kanitazama kwa jicho lile la darasa la sita.

Trei nimeagiza. Kwa leo nimekausha kila kitu, nikabonyeza kile kitufe cha majaribio chini ya mashine, nikakishikilia mpaka trei ikajipinda na kurudi. Mota nzima. Nikamwachia na friji gadi ya mtumba, maana kwake friji imechomekwa ukutani moja kwa moja. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, kompresa inalazimika kuanza wakati presha ndani haijatulia. Inahitaji dakika tatu, tano. Ufundi nilianza kuushika wakati ule Unguja ilipokaa gizani, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, na usiku umeme uliporudi mtaa mzima ulipiga vigelegele na kuchomeka kila kitu kwa pamoja. Bosi wangu hakushangilia. Alianza kupanga spana.

Maalim hakunilipa pesa. Kanipa mfuko wa maembe boribo na kunisahihisha neno moja nililolitamka vibaya.

Saa 11 jioni, Chukwani tena

Pampu imekaa nyuma ya friji juu ya kipande cha sponji, isitetemeshe ukuta. Kichujio kimetoka kwenye siki kimeng'aa, unaona mwanga kupitia matundu. Filta mpya ndani. Ndoo nzima ya maji ya mwanzo tumeimwaga, yalikuja na vumbi jeusi la mkaa wa filta, nikamtuliza bi mkubwa kwamba hayo ni ya kawaida na yataisha.

Jagi lilelile, saa ileile: limejaa kabla dakika haijafika nusu. Kijana kafurahi utadhani kaunda yeye.

Nikaanzisha mashine kwa mkono. Tukanyamaza wote, hata binti kasimama mlangoni na mwiko. Pampu ikaguna. Valvu ikavuma, *mmmm*, kwa sekunde saba hivi, na juu kwenye friza tukasikia maji yakimiminika. Kisha kimya. Nikamulika mpira: mtupu, hata tone halikuning'inia.

"Barafu iko wapi?"

"Maji hayajaganda, bi mkubwa. Kitu cha kwanza huja baada ya saa mbili, tatu hivi. Ndoo kujaa, mpe siku nzima." Adhana ya magharibi ikatukuta tunaisukuma friji mahali pake. Wakafuturu kwa maji ya mtungi na tende, wakatukalisha hapo hapo, na safari hii chai ikaja ya watu wote.

Saa 4:20 usiku

Nimeshajilaza. Ujumbe wa sauti kutoka Chukwani, ananong'ona: "Fundi, samahani usiku huu. Friji imepiga kishindo ndani, kakara kakara, mtoto kaamka. Nimeizima umeme kabisa isije ikaripuka. Uje asubuhi."

Nikakaa kitandani. Miezi minane hajaisikia hiyo sauti, kaisahau.

Nikampigia. Nikamwambia asubiri dakika tano, aiwashe tena, afungue friza na atazame ndooni. Nikamsikia akitembea, kandambili zake sakafuni, mlango ukafunguka. Kimya kirefu. Kisha akamwita binti yake kwa jina, kwa sauti ya kumwamsha mtoto mara ya pili.

"Hizo za kwanza msizile," nikasema. "Ndoo mbili za mwanzo mwageni." Sidhani kama kuna aliyenisikia.